Picha ya uso haisaidii: mwongozo kamili wa kumripoti kea, kuanzia pete za mguuni hadi misumari ya paani

Kila mwaka, kati ya Desemba na Februari, simu yangu hujaa picha za kea. Hutumwa na Waswahili wenzangu waliopanda kutoka Christchurch, New Zealand, kwenda kijiji cha milimani cha Arthur's Pass, safari ya kama kilomita 150, na karibu zote ni picha ile ile: uso wa ndege, mdomo uliopinda kama ndoana, na pembeni kidole cha mtu kimeshika kipande cha biskuti. Chini yake swali: "Nimemwona! Nitume wapi?"

Pa kutuma papo. Tabu ni kwamba picha ya namna hiyo haina la kuwaambia wanaowahesabu hawa ndege. Miguu haionekani, saa haijulikani, mahali hapajulikani, na hiyo biskuti ni sehemu ya yanayowaua. Mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo. Taarifa yangu ya kwanza ilirudi na swali moja tu: "Alikuwa na pete?" Sikujua. Nilikuwa nimepiga picha kumi na nane za sura.

Kwa asiyemjua kabisa: kea ni kasuku wa kijani cha zeituni, mkubwa kidogo kuliko kunguru wetu, na akifungua bawa, upande wa chini unawaka rangi ya chungwa. Ndiye kasuku pekee duniani wa milima ya theluji, na anapatikana Kisiwa cha Kusini cha New Zealand tu. Waliobaki porini wanakadiriwa kuwa kati ya 3,000 na 7,000. Haya, twende kazini.

## Vya kuwa navyo kabla hujaondoka nyumbani

- Simu au kamera inayovuta karibu, chaji imejaa. Baridi ya mlimani inamaliza betri haraka.
- Darubini ndogo ya mkononi. Si lazima, lakini pete unayoisoma kwa darubini ni pete ambayo hukulazimika kumsogelea ndege.
- Daftari dogo na penseli. Wino ukilowa hausomeki tena, na huku mvua haibishi hodi.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu, maana ukishaingia milimani mtandao ni wa kubahatisha.
- Kontena au mfuko mgumu unaofunga kabisa, wa chakula. Begi la zipu halitoshi: kea anafungua zipu.
- Namba ya dharura ya Idara ya Uhifadhi, ambayo kila mtu huku anaiita DOC: 0800 362 468. Ihifadhi sasa hivi, usingoje hadi uwe umesimama juu ya ndege aliyeumia.

## Hatua ya 1: Ficha chakula, kisha fungua macho

Hatua hii ndiyo watu wanayoiruka, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Kea aliyeonjeshwa mkate kwenye maegesho hujifunza kwamba magari ni chakula. Atarudi kesho, ataleta wenzake, na vijana wasio na watoto wa kulea watashinda hapo siku nzima. Wanagongwa na magari. Wanatafuna vitu vya watu. Mtu mwenye gari jipya lililong'olewa mpira wa dirisha hana tena huruma na uhifadhi, na kea amewahi kupigwa risasi kwa hasira ndogo kuliko hiyo.

Kwa hiyo kabla hujashuka garini: chakula ndani ya kontena, vioo vimepandishwa, na hakuna kitu cha mpira au cha ngozi kilichoachwa nje. Ukilala kambini, viatu viingie ndani ya hema. Mwenzetu mmoja alishuka mlima na kiatu kimoja na ndala.

Usimtupie hata punje ili asogee upate picha nzuri. Kea ni mdadisi kuliko mtoto wa miaka mitatu. Ukitulia atakuja mwenyewe.

Umefaulu ukiona: ndege anakuzunguka, anachungulia begi, haambulii kitu, anachoka na wewe na kwenda zake kugeuza mawe.

## Hatua ya 2: Chagua saa na mahali

Nenda asubuhi mapema au jioni. Jua likiwa kali kea hujificha na kupumzika, na wengi wanaoniambia "tumekaa kutwa hatukuona kitu" walifika saa sita mchana.

Mahali panapojulikana ni kijiji cha Arthur's Pass na sehemu ya kutazamia daraja la Otira, halafu upande wa kusini, foleni ya magari kwenye mlango wa handaki la Homer, njia ya kwenda Milford. Hapo Homer kea walikuwa na mchezo wa kusogeza koni za barabarani, hadi wahusika wa barabara wakawajengea kiwanja chao cha kuchezea kando ya njia ili waachane na magari. Ukifika, waangalie hapo kiwanjani, usisimame barabarani.

Lakini nikuambie siri ya kazi hii: taarifa zenye thamani zaidi mara nyingi ni za kule ambako watu ni wachache. Kea wa maegesho wameonekana na mabasi matano tangu asubuhi. Kea uliyemsikia kwenye bonde ulilolitembelea peke yako huenda hajaripotiwa na mtu mwaka mzima. Ukipanda njia ndefu, andika hata sauti uliyoisikia bila kumwona mwenyewe. Jina lake la Kimaori limetokana na mlio huo, "keee-aa", mrefu, unaoshuka mwishoni. Ukiusikia mara moja hutauchanganya na mwingine.

## Hatua ya 3: Hesabu kabla hujapiga picha

Wakitokea, mkono unakimbilia simu. Uzuie. Hesabu kwanza: wangapi wametua, wangapi wako hewani, kisha andika saa.

Sababu ni kwamba kea hawatulii. Mmoja anaruka kwenye paa la gari, mwingine anapita chini ya meza, na baada ya dakika mbili hujui kama umeona wanne au wawili waliozunguka. Ukiwa na shaka, andika idadi ya chini uliyo na uhakika nayo. "Angalau 3" ni jibu zuri. "Kama 10 hivi" halina kazi.

## Hatua ya 4: Soma miguu

Hapa ndipo penyewe.

Kea wengi hawana pete. Walio nazo walikamatwa na watafiti, wakapimwa, wakavishwa na kuachiliwa. Kwa kawaida mguu mmoja una pete ya chuma yenye namba ndogo ambazo hutaziona kwa macho, na mguu mwingine una pete ya plastiki ya rangi, pana, yenye herufi au alama kubwa. Hiyo ya rangi ndiyo yako. Iliwekwa ili mtu kama wewe aisome kwa mbali bila kumshika ndege.

Unatakiwa kurudi na mambo manne:

1. Alama yenyewe. Herufi, namba, au mchoro.
2. Rangi ya alama. Nyeusi? Nyeupe? Njano?
3. Rangi ya pete iliyoibeba hiyo alama.
4. Mguu gani. Kushoto kwa ndege, si kushoto kwako. Akiwa amekutazama, mguu wake wa kushoto uko upande wako wa kulia. Nusu ya makosa yanaanzia hapa.

Kwa nini yote manne? Kwa sababu herufi moja hutumika tena kwenye rangi nyingine. "V" peke yake ni ndege kadhaa. "V nyeupe kwenye pete nyekundu" ni ndege mmoja tu.

Namna ya kufanya: chuchumaa, shusha kamera iwe usawa wa magoti ya ndege (kwa kea ni sentimita chache kutoka ardhini), na piga picha nyingi mfululizo anapotembea. Kea ana mwendo wa kurukaruka wa pembeni, na pete huzunguka mguuni, kwa hiyo picha ya kwanza itaonyesha nusu ya herufi na ya tano itakupa iliyobaki. Usitumie mwanga wa kamera. Plastiki inarudisha mng'ao na herufi inapotea. Kisha, kabla hajaondoka, kuza picha palepale uone kama inasomeka. Ukigundua nyumbani kwamba imetia ukungu, umechelewa.

Jihadhari na herufi na namba zinazofanana. O na 0, I na 1, B na 8. Ukiwa na shaka, andika zote mbili na useme una shaka. Anayepokea anaweza kulinganisha na ndege wanaojulikana eneo lile. Ukibahatisha kimya kimya, ndege aliyekufa miaka miwili iliyopita anaweza kufufuka kwenye kumbukumbu, na hesabu ya wanaoishi na wanaokufa ikaharibika.

Na hili ndilo linalosahaulika kuliko yote: asiye na pete naye anaandikwa. Kuna tofauti kubwa kati ya "hana pete", "ana pete sikuisoma" na "sikuona miguu". Ukiwaona sita na ukahakikisha wanne hawana pete, hilo linasaidia kukadiria ni sehemu gani ya kundi haijawahi kushikwa. Usiwaache kwa sababu hawana namba.

Umefaulu ukiona: daftarini kila ndege ana mstari wake, na mstari wowote usio na pete unaeleza kwa nini hauna.

## Hatua ya 5: Umri, na hali yake

Tazama jicho na pua. Kea mchanga ana rangi ya njano kuzunguka jicho, juu ya matundu ya pua na kwenye mdomo wa chini. Njano hiyo hufifia polepole kadiri miaka inavyokwenda, na mkubwa anakuwa mweusi-mweusi sehemu hizo. Andika "njano nyingi", "njano kidogo" au "hakuna".

Dume ana mdomo wa juu mrefu zaidi, ila mpaka uwe umewaona wengi usijaribu kutaja jinsia. Acha wazi.

Halafu hali: anachechemea? Mdomo umevunjika? Anaonekana amelegea, amejikunyata manyoya yamevimba mchana kweupe? Mdomo mbovu hauna maana kwamba ndege amekwisha. Pale Willowbank, hifadhi ya wanyama iliyoko Christchurch, kuna kea aitwaye Bruce asiye na mdomo wa juu. Huokota kijiwe, akakishika kwa ulimi na mdomo wa chini, na kujisafishia manyoya nacho. Wanasayansi waliandika kumhusu mwaka 2021. Lakini kea aliyelegea ni jambo jingine, na tutalifikia chini.

## Hatua ya 6: Tuma siku hiyo hiyo

Taarifa za wananchi zinapokelewa kwenye keadatabase.nz. Unaweka tarehe, saa, mahali kwenye ramani, idadi, pete na maelezo. Weka alama ya ramani pale uliposimama hasa. Ukibonyeza tu jina la kijiji, taarifa ya bondeni na ya kileleni zinaangukia sehemu moja.

Ukiisoma pete vizuri unaweza kukuta ndege wako ana jina na ukurasa wake. Hapo ndipo watu hunasa. Kuna mama mmoja wa Kikongo ninayemfahamu ambaye sasa anauliza habari za "mtoto wake" kila wikendi.

Jambo moja la siri: ukidhani umeona kiota, usiweke picha wala mahali kwenye mitandao. Kea hutaga ardhini, kwenye mashimo chini ya mawe na mizizi, na msimu unaanza mwezi Julai hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Rudi nyuma ulikotoka, uwaambie DOC, basi.

## Hatua ya 7: Akiwa mgonjwa au amekufa

Piga 0800 362 468. Aliye hai usimfukuze huku na huku ili umkamate. Mdomo ule unafungua skrubu, kidole chako si kitu. Mtunzie macho, zuia mbwa na watoto, eleza mahali.

Aliyekufa naye anahitajika. Mpige picha alivyo, miguu yote miwili ionekane, kisha ufuate maelekezo ya simu. Mara nyingi maiti ndiyo pekee inayoweza kusema kilichomuua.

## Kama unaishi huku: mitego

Sehemu hii ni fupi kwa makusudi. Adui mkubwa wa kiota ni stoti, mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche aliyeletwa kutoka Ulaya. Anaingia shimoni, anakula mayai, vifaranga, na wakati mwingine mama aliyeyalalia. Vikundi vingi vya vijijini vinatembea na kukagua mitego yake, na vinahitaji miguu.

Jiunge na kikundi. Usinunue mtego ukautega peke yako kwenye makazi ya kea. Kea ni fundi: katika milima ya Murchison, Fiordland, wameonekana wakipenyeza vijiti kwenye visanduku vya mitego na kuifyatua. Kisanduku kisichofungwa kwa skrubu, au chenye tundu pana, kinaweza kumkata ndege yule yule unayemlinda. Ukikuta kisanduku kimefunguka njiani, usitie mkono. Piga picha ya namba yake na umwambie anayesimamia mitego hiyo.

## Kama unaishi huku: misumari ya paani

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili, na vyote viwili vimemuua kea. Risasi ya bunduki ilikuwa halali, na ya kulipwa, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Inakadiriwa waliuawa 150,000. Ulinzi kamili ulikuja 1986. Risasi ya pili, ile metali laini ya kijivu, bado iko juu ya nyumba na vibanda vya zamani: kwenye vichwa vya misumari ya mabati, na kwenye vipande vinavyoziba maungio ya paa na bomba la moshi. Ina ladha tamu, ni laini mdomoni, na kea huitafuna kama mtoto na ubuyu. Sumu yake inashika damu na ubongo.

Kikundi cha Kea Conservation Trust na wakazi wa vijiji kama Arthur's Pass wamekuwa wakiing'oa paa kwa paa. Ukipata nafasi ya kusaidia, hivi ndivyo.

Vifaa: ngazi na mkanda wa usalama, nyundo ya kung'olea, nondo ndogo bapa, drili, skrubu za mabati zenye washa ya raba, vizibio vya alumini, glavu, barakoa ya vumbi, turubai kubwa, ndoo yenye mfuniko wa kukaza.

1. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba. Vibanda vya mlimani vina mwenyewe pia. Uliza na umri wa jengo: paa la zamani linaweza kuwa na asbesto, na hilo si la kujitolea, shuka, waachie wenye leseni.

2. Pima. Kwangua kichwa cha msumari kwa ufunguo. Risasi inakwanguka kirahisi na kung'aa kama fedha. Sumaku inadanganya, kwa sababu shina la chuma lililo chini ya kichwa litaivuta. Alama za kung'atwa ni ushahidi tosha.

3. Tenganisha bomba la maji ya mvua na tangi. Wengi huku wanakunywa maji ya paani. Vumbi la risasi lisiingie humo.

4. Tandika turubai, hesabu misumari. Andika idadi ukutani kwa chaki. Ng'oa mmoja, weka skrubu palepale, nenda unaofuata. Ukifungua bati zima na upepo wa mlimani ukaja, utalitafuta bondeni. Kichwa cha skrubu kifunike raba vizuri, maana raba nayo kea anaipenda.

5. Ondoa vizibio vya risasi. Kuvipaka rangi hakusaidii, mdomo unaibandua. Weka vya alumini.

6. Nawa kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Watoto wasiwepo.

7. Hesabu tena. Vichwa vilivyo ndooni vilingane na namba ya chaki. Pungufu ya vitatu maana yake viko nyasini, na kea atavipata kabla yako. Pitia chini ya ukingo wa paa, kwenye mifereji, na mikunjo ya turubai.

Namba zikilingana, oshea mifereji nje, rudisha bomba la tangi, kaza mfuniko wa ndoo na uipakie garini siku hiyo hiyo kwenda kwa wapokeaji wa vyuma chakavu wanaochukua risasi. Usiiache barazani usiku. Sisi tuliiacha mara moja, tukaamka tukakuta mfuniko uko kwenye ngazi na kea wawili wamekaa ukingoni mwa ndoo wakichagua.